Jina Alilolinyamazia Mtoto

Mdogo wangu Veronika,

Mimi mzima, ila miguu. Wewe je, na kifua chako? Na ule mgomba uliouwekea nguzo siku naondoka, ulizaa au ulianguka? Usinijibu kwa salamu za kanisani, nijibu kweli. Anayeniandikia ni binti wa Kihaya anayesoma uuguzi huku ng'ambo, anatutembeleaga Jumamosi. Nimemwambia asinipambie maneno. Mwanangu Rebeka haijui barua hii.

Nilikuja kumwogeshea mtoto wake miezi mitatu tu. Sasa hata ile mihogo niliyoiacha michanga imeshakomaa. Kila nikisema narudi, Rebeka anasema, "Mama, urudi kula nini? Kule sabuni ni foleni, sukari mmeisahau." Paspoti yangu ameifungia kwenye kabati la funguo za mumewe. Huyo mkwe ndiye mtunzaji wa ngome hii tunamokaa. Usidhani nyumba, Vero. Boma la Mjerumani pale Musoma ni banda la kuku mbele yake. Mawe ambayo sisi tunaanikia dagaa, hawa wameyapanga mpaka mawinguni, wakafungia watu ndani.

Ndiyo, watu. Wageni wanakujaga kwa mabasi kusikiliza habari za mwanamke mmoja wa zamani. Aliolewa kutoka nchi ya mbali, akataka kurudi kwao, mume akamfungia chumba cha juu mpaka akafa. Wakamzika nje ya ukuta wa kanisa, bila jina. Mpaka leo wanasema anaonekana dirishani na shuka jeupe. Nikauliza, "Matanga yake alikaa nani?" Mkwe akacheka. Wamemwacha mtu hajaliliwa, halafu wanashangaa anatembea.

Chumba hicho ndicho chenye jua. Mchana nampelekaga mtoto huko, nimejitanda shuka kwa baridi. Mwezi uliopita wageni wakatazama juu, mama mmoja akapiga yowe mpaka akakaa chini. Mkwe akapanda ngazi mbio, akanikuta mimi. Siku ile tulicheka wote. Kumbe yule mama alishaandika kwenye daftari lao la walioona mzimu, na alichoandika hakikufutwa.

Sasa sikia kilichonikata kicheko. Mtoto analia kila alasiri, daktari haoni ugonjwa. Nikajua anadai jina. Wamempa la huku, ambalo ulimi wangu haulibebi. Nikampakata, nikawataja wafu wetu mmoja mmoja, kama mama alivyokuwaga akifanya, mpaka anyamaze kwa anayemtaka. Mama mwenyewe, akalia. Shangazi, akalia. Hata marehemu mume wangu na ulevi wake nilimtaja, akalia zaidi, sikumlaumu. Nikachoka, nikamwambia kwa utani, "Au unamtaka Nyangeta huyu huyu?"

Akanyamaza. Akanitazama.

Nikarudia wengine, akalia. Nikarudia jina langu, kimya.

Vero, unajua mtoto hadai jina la aliye hai. Nilipomwambia Rebeka akasema ni sauti yangu tu iliyomtuliza. Kama ni sauti, mbona nilipomtaja mama yetu hakutulia?

Sitaki kuwa wa pili dirishani. Nataka kufa kwetu Kiriba, mnililie mpaka majirani wachoke, mgombanie vitenge vyangu.

Kwa hiyo mwandikie Rebeka, usiniandikie mimi. Mwambie maduka ya Musoma yamefunguka, sabuni imepangwa mpaka juu, sukari ipo, na samaki wa furu wamejaa mpaka paka wanawakataa. Mwambie umeona kwa macho yako. Binti hapa ananiuliza kama ni kweli. Nimemwambia aandike tu.

Nisalimie shemeji yangu Mafuru mwenye mtumbwi, mwambie simdai salamu, namdai kunipokea. Nisalimie wifi yetu wa Buhare, na mama wa kwaya aliyenisindikiza mpaka stendi akilia kuliko nyie ndugu.

Na kama sabuni bado hakuna, Vero, andika ipo.

Ni mimi dada yako Nyangeta, niko hai.