Juisi ya Siena

Mjukuu wangu Nakato,

Huku Tensta tu wazima. Babu yako anakohoa ili apikiwe uji. Unauliza ufanyeje, maana mwalimu wako wa huko Malmö amekuandikisha darasa la upishi bila kukuuliza.

Miaka ya themanini, sisi wasafishaji wa uwanja wa ndege tulikwenda kutembea Siena, Italia. Mwenyeji aliyetuongoza alituzungusha vichochoroni hadi kwenye ghala la divai, tuonje. Wenzangu wote akawamiminia. Mimi, kwa kuona kitambaa changu cha kichwani, akaniletea juisi!

“Dini yako, mama.”

Dini gani? Mwanakwaya mzima, nimejifunga kitambaa kwa sababu ya jua!

“Kwani umeniuliza?” nikafoka.

Akamimina. Chungu kama kwinini! Nikainywa yote, nimemkazia macho.

Divai sijaigusa tena, ila sasa nakataa mwenyewe. Kamwambie mwalimu akuulize kwanza, hata kama upishi unaupenda.

Bibi yako