Siga Fupi Niliyokuletea Karungu

Dani,

Niliingia nyumbani kwako, mimi mjukuu wako, nikitabasamu. Nianze hapo, maana hapo ndipo akili yangu iliposimama, na mpaka leo haijatoka.

Nilishuka kwenye lori pale Sori, nikapanda kijia na koti langu la Sabato, siga yako, ile sigara nene ya kizungu, mfukoni. Nikaona watu wengi uani na mabenchi ya kanisa yamepangwa, nikajisemea: bibi huyu! Amewaita majirani waje waone mjukuu anayemwita mumewe akimletea zawadi. Ungeweza kabisa. Nikakanyaga uani meno yote nje. Baba Mdogo akanijia, akanishika bega, akasema, "Omolo, kwani hukupata habari?" Bado nikatabasamu, Dani. Uso ulikuwa umeshajipanga, haukujua namna ya kujipangua. Ulikuwa umekufa asubuhi ile ile, umekaa mlangoni unachambua omena, dagaa wa ziwa, bila kuugua hata mafua. Beseni lilikuwa bado pale mlangoni. Upande mmoja zilizochambuliwa, upande mwingine bado.

Uliniomba kitu kimoja tu, nami nimekileta umelazwa mkekani.

Naandika hivi kana kwamba hujui, lakini sijui nitayaweka wapi maneno nisipoyaanzisha mwanzo. Ni yule mzungu wa kupima mipaka, aliyekuja ufukweni Karungu kabla ya Uhuru na siga yake mdomoni, akaitupa haijaisha. Wewe ukaiokota. Ukaniambia, "Chuora, mume wangu, siku ile nilikunywa sukari guru kwa moshi." Tangu siku hiyo kila nikija ni wimbo huo huo. "Niletee kile kinene kifupi. Kirefu sitaki, kirefu kitaning'oa hili jino."

Jino lenyewe lilikuwa halina wenzake, lakini sababu ilikuwa ya kweli. Nimekua nikikutazama. Unawasha, unavuta mara moja kama watu wengine, kisha unageuza, moto unaingia ndani, mdomo unafungwa, na mikono yote miwili inarudi kwenye kazi. Nikiwa mtoto nilidhani una jiko tumboni. "Moto ukiwa ndani," ulisema, "upepo wa ziwa hauuoni." Kitu kirefu kingekulemea mdomo, hilo hata fundi cherehani analielewa.

Sasa sikia ubaya wangu. Siga hizo zilikuwepo. Mzungu mmoja aliagiza sanduku zima kwa Bwana Jivan, akarudi kwao kabla halijafika, nalo likabaki rafuni Homa Bay bila mwenyewe. Nami nashonea kwenye baraza ya duka la nani? La Jivan. Hatua sita, Dani. Mwaka mzima nimekaa hatua sita kutoka kwenye haja yako nikikanyaga cherehani, kwa sababu mimi ni Msabato wa benchi la mbele, na nilimwogopa mke wa mchungaji. Asinione nikinunua tumbaku. Kila ukiuliza nilikujibu, "Bado hazijafika." Ulikuwa unanitazama tu. Nadhani ulijua. Siku ya mwisho tulipoonana ulisema, "Kuliko mume muoga afadhali mbuzi, mbuzi huliwa," tukacheka wote wawili, mimi zaidi.

Alhamisi ile nikajikaza. Mvua ilinyesha, barabara haina mtu, nikaingia dukani kama mwizi. Jivan akadhani nimeishiwa uzi. Nilipomwambia ninachotaka akapanda ngazi akalishusha sanduku, akalipangusa kwa kiwiko cha mkono.

Nikueleze, maana hukuliona. Ni sanduku la ubao mwembamba, na lilipofunguka ilitoka harufu ya penseli mpya, na chini yake harufu ya ngozi, na chini kabisa ile sukari guru yako. Zimelala kama watoto kitanda kimoja, kila mmoja na mkanda wa karatasi ya dhahabu tumboni. Ndefu kwa fupi. Nikachukua fupi moja, haizidi kidole changu cha kati. Nikatafuta mshono, ndiyo kazi yangu. Sikuuona! Jani limezungushwa kwa mkono, limekunjwa kichwani, likaisha hivyo hivyo bila uzi wala pindo. Mimi ninayejiita fundi nikaona haya.

"Onja kwanza kavu," Jivan akasema. Akaikata kichwa kwa wembe, nikaivuta bila moto. Dani, ilikuwa tamu. Kama kahawa iliyopita karibu na asali, haikuingia. Nikaelewa kwa nini hukuisahau.

Hapo ningelipa niondoke. Lakini unanijua, nina bidii mahali pasipotakiwa. Nikafikiri: itaingia? Nene hivi, kwa mdomo wa bibi yangu, moto ndani? Nisimpelekee kitu kitakachomuunguza. Fundi hampi mteja gauni kabla ya kulipima. Kwa hiyo nikapima. Nikamwambia Jivan awashe, nikavuta mara moja, nikageuza.

Sitasimulia sana. Jivan alipiga kelele kuliko mimi. "Fundi! Wewe iko wazimu? Moto upande huu, mdomo upande huu!" Nikajaribu kumweleza kwamba kwetu akina bibi huvuta hivyo, lakini kaa lilikuwa limeshakutana na ulimi, na maelezo yakatoka kama ya ng'ombe. Akanimwagia maji ya mtungi, mimi na meza yake na kitambaa cha mteja. Halafu akacheka mpaka akakaa chini. "Ukichoma kitambaa, unalipa. Ukichoma mdomo, shauri yako." Ile niliyoionja ikalowa, ikafa. Nikanunua nyingine nzima kwa pesa ambayo ningenunulia shati, akaifunga kwa karatasi, nami nikarudi kwenye cherehani ulimi umevimba, nikijisifu kwamba inaingia. Inaingia vizuri, ukiwa na akili.

Kesho yake nikapanda lori. Rodi, Ndhiwa, matope, njia nzima nikifanya mazoezi ya nitakachokuambia. Nawe ulikuwa umeshaenda.

Unajua inavyotakiwa. Mjukuu wa kiume anaingia uani kwa mbio, analia kwa sauti, anakuita kwa majina yako yote ya sifa, mpaka ng'ambo wasikie. Nami ndiye uliyeniita mume. Watu wakanipisha, wakangoja. Nikafungua mdomo, ulimi ukakataa. Ikatoka sauti moja tu, sijui hata ni neno gani. Shangazi mmoja akasema, "Maskini, uchungu umemfunga." Nikaacha waamini hivyo. Sasa sijui. Pengine kweli ulikuwa uchungu.

Nilitaka kukuwekea siga ndani ya jeneza, chini ya mkono wako. Lakini Baba Mdogo alisimama kichwani na Biblia tangu mwanzo mpaka msumari wa mwisho, nami nikaogopa tena. Hata siku hiyo, Dani. Ukafukiwa, na yako imebaki kifuani kwangu. Usiku na mchana nilikuwa naigusa kwa juu ya koti kama mtu mwenye jipu.

Siku ya tatu akaja Nyar Muhuru.

Mke mwenzako huyu nilimwogopa tangu utotoni, na mlikuwa hamsemezani mvua nne sasa, nyumba kwa nyumba, ua mmoja. Sisi wajukuu tulidhani ni mambo ya mihogo. Akanikuta peke yangu kando ya ghala, akanyoosha kiganja. Hakusalimu. Akasema, "Uko wapi mzigo wangu?"

Nikamwambia sina mzigo wake. Akasema, "Unao. Alinitumia mtoto aniambie: mume wangu wa Homa Bay ataleta, na kikija ni chako kizima, mimi sitagusa."

Ndipo akanieleza kile ambacho hukuniambia kamwe. Kwamba siku ile ufukweni mlikuwa wawili. Kwamba uliokota kile kipande, yeye akakuomba mvuto mmoja, na wewe, uliyenifundisha kwamba tumbaku hainyimwi hata adui, ukamgeuzia mgongo ukakimaliza peke yako. "Kwa sababu kilikuwa kitamu," akasema Nyar Muhuru. "Sikukasirikia moshi. Nilikasirika kwamba tulizika mume pamoja, na watoto watano kati yetu, na bado akaona kuna kitu kizuri cha kula peke yake."

Nilikaa chini pale pale kwenye majani makavu. Mwaka mzima nilidhani nachelewesha starehe ya bibi mpenda mambo. Kumbe nilikuwa nimekalia msamaha wako, hatua sita kutoka kwenye kiti changu.

Nikaitoa, nikampa. Nilidhani ataitupa. Akaichubua karatasi, akainusa kwa muda mrefu. Akauvua ule mkanda wa dhahabu, akauvaa kidoleni. Akaenda akaketi kwenye kaburi lako bichi, akawasha, akavuta mara moja, akageuza. Macho akafumba. Mashavu yakaingia. Nikasimama mbali nikihesabu pumzi zake kwa hofu ya ulimi wake, lakini mikono yake ilikuwa imetulia kama yako.

Baada ya muda akaitoa, akatema jivu, akaongea na udongo. "Nyieka," akakuita, mke mwenzangu. "Ni tamu. Hata mimi nisingekupa." Akacheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akalia vile sijawahi kuona mzee akilia, mikono kichwani, akikupiga makofi kwenye kifusi kana kwamba uamke umjibu. Aliivuta mpaka ikafika kwenye meno yake. Hakubakiza kitu.

Kwa hiyo imefika, Dani. Imefika ikiwa imechelewa kwa asubuhi moja, na asubuhi hiyo naibeba mimi. Bado nikishtuka usingizini najikuta nafanya hesabu: ningenunua Jumatano tu. Mke wa mchungaji ameshasikia habari zote, Jivan hana siri. Jumamosi alinisogezea benchi nikae, akaniuliza ulimi unaendeleaje. Huyo ndiye niliyemwogopa.

Nyar Muhuru alinisindikiza mpaka barabarani siku ya kuondoka. Njiani akasema hana nguo ya maana, na sasa hana hata mtu wa kugombana naye, basi angalau awe na gauni. La maua, mifuko miwili mikubwa. Nilitaka kumjibu kwamba nitaona, kazi ni nyingi. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza.

Pumzika, mke wangu wa kwanza. Huyu uliyeniachia hatangoja, nakuahidi. Kitambaa nilikikata leo asubuhi kabla sijashika kalamu, na sasa natia uzi.

Mumeo muoga,
Omolo