Maharage ya Kuhesabia Yangeyange

Mdogo wangu Mbuke,

Poleni na palizi huko Tabora. Mimi huku Mwanza nanenepa tu kwa sato. Nakuandikia habari za mwanao Leticia. Kumbe ndiye anayekusanya hesabu za ndege kutoka kwa watu wanaojitolea, halafu anaandika taarifa ya msimu ya kanda nzima ya ziwa. Kanda nzima, Mbuke, na tumbo lililomzaa ni langu.

Jana tulikwenda Nyegezi kwa Mama Kulwa, mwanika dagaa, mmoja wa hao wanaojitolea. Fomu yake ya hesabu ilikuwa tupu, na taarifa inapelekwa leo.

"Yangeyange, ndege hawa weupe, nawaona kila asubuhi," akasema, "ila kuhesabu kiumbe hai ni kumwitia kifo. Hata ng'ombe wa baba hatukuwahesabu."

Leticia akanywea, maana ufuko ule hauna mwingine wa kuuangalia. Nikamwambia yule mama, "Basi usihesabu. Kila ukimwona mmoja, tia harage moja kwenye kopo."

Akanicheka. "Mama Leticia, wewe ni mjanja kuliko fomu."

Leo asubuhi Mama Kulwa kaleta kopo mwenyewe. Leticia amehesabu maharage, mwenzake kageukia ziwani asisikie.

Mwanao akataka kuandika jina langu kwenye taarifa. Nikamkataza. Nikasema, andika "mama yake Leticia", maana huku anayejulikana ni wewe, mwanangu. Ameandika hivyo hivyo, nimeona kwa macho yangu.

Wasalimie watoto, na wewe ujitunze kifua. Nimekukumbuka sana.

Dada yako,
Mama Leticia