Tata, Ile Ndege Niliiwahi

Tata, baba yangu mpendwa,

Nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yako hapa Kiptere, nikitazama shamba lako la chai, na nakuandikia kwa sababu kuna mambo yaliyotokea baada ya wewe kutuacha ambayo hakuna mtu mwingine atakusimulia vile yalivyokuwa. Baba mdogo Onchiri anasimulia ya kwake huko Nyamira. Anasema nilikuiba. Acha nikuambie yangu.

Unakumbuka siku tulipomzika Mama hapa shambani? Ukoo mzima ulikuja umenuna. Kwao Mkisii hazikwi kwa Wakipsigis, arudishwe nyumbani. Wewe ulimjibu ndugu yako mbele ya watu wote, bila kupandisha sauti: "Huyu mwanamke alipanda kila mche unaouona hapa. Nimpeleke wapi?" Watu walipoondoka ulinishika mkono, ukapima kwa hatua zako mahali pa kando yake, ukaniambia, "Na mimi hapa. Usikubali wanipeleke." Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilijibu "Sawa, Tata," kama mtu aliyetumwa kuchota maji. Sikujua nilikuwa nimekubali nini.

Ulikuwa na sababu zako. Ulifika Kericho kijana, ukafanya kazi kiwandani, kwenye sehemu ya kunyausha majani, hadi makoti yako yote yakanukia chai hata yakifuliwa. Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi watu walipokuja kutufukuza, Mama Chebet jirani yetu alituficha jikoni kwake siku tatu, akatusindikiza mwenyewe hadi mpakani Sondu. Wenzetu wengi hawakurudi. Wewe ulirudi baada ya miezi mitano na panga na mbegu za maharagwe. Baba mdogo alikuuliza utaishi vipi na watu waliokufukuza. Ulimwambia, "Walionifukuza ni watu, na aliyenificha pia ni mtu. Mimi naenda kwa yule aliyenificha."

Nilipoenda Ujerumani kuwa nesi, ulikuwa unanipigia kila Jumapili baada ya kanisa. Kitu kilichokushangaza kuliko theluji ni treni. Nilikuambia naishi karibu na mpaka wa Uholanzi, kwamba treni inavuka kutoka nchi moja hadi nyingine na hakuna anayekuuliza unatoka wapi. "Na sisi hapa," ukasema, "ukivuka mto Sondu tu unaulizwa wewe ni wa nani." Tulicheka sana siku hiyo.

Basi ulifariki Jumatatu. Mama Chebet ndiye aliyenipigia, analia. Jumanne Baba mdogo akapiga.

"Ijumaa saa nne asubuhi tunakutoa mochari Kericho," alisema, kana kwamba anaongea na wewe. Halafu akajirekebisha: "Tunamtoa. Tunampeleka nyumbani Nyamira. Kaburi linachimbwa."

"Tata alitaka kulala Kiptere, kando ya Mama."

"Wewe uko mbali. Ukifika utaonyeshwa kaburi."

Nilimwomba angoje hadi Jumatatu. Alikataa. Nikapigia mochari. Karani alinieleza kwa upole kwamba jina langu ndilo uliloandikisha hospitalini kama mtu wako wa karibu, kwa hiyo sahihi yangu ndiyo inayohitajika. Lakini kama sitakuwepo Ijumaa saa nne, na ndugu yako yuko pale na barua ya chifu wa Nyamira, hataweza kumkatalia. Tata, hapo ndipo nilipoelewa kwa nini waliichagua Ijumaa.

Ndege iliyokuwa na nafasi na ambayo ingenifikisha kwa wakati ilikuwa moja tu, ya Alhamisi saa sita na nusu mchana, na ilikuwa inaondokea Amsterdam, si Ujerumani. Nilikata tiketi. Nikapanga treni ya asubuhi ya kunifikisha uwanja wa ndege saa nne. Nilijipa zaidi ya saa mbili. Nilidhani hiyo inatosha.

Tulipofika mpakani treni ikasimama. Mwanzoni watu waliendelea kusoma simu zao. Baada ya nusu saa, sauti ikatangaza kwamba waya wa umeme wa juu umeharibika na hawajui utatengenezwa lini. Nilitazama nje: ng'ombe, mfereji wa maji, nyumba moja. Saa ilikuwa inaenda na sisi tumekaa.

Mhudumu wa treni alipita, nikamwonyesha tiketi ya ndege. Aliitazama, akatikisa kichwa.

"Hii hutaiwahi, mama. Wapigie simu wakupe ya kesho."

"Ya kesho hainisaidii."

"Nasikitika. Lakini haiwezekani."

Nataka ujue, Tata, kwamba hapo ndipo hasira iliponiingia. Sikumkasirikia yeye. Nilikasirika kwa sababu maneno yake yalikuwa yale yale ya Baba mdogo, kwamba niko mbali na sitafika, kwa hiyo nikae nitulie. Nikaanza kufungua sanduku langu kubwa hapo hapo kwenye kiti. Nilijua kaunta ya mizigo ingefungwa kabla sijafika. Nikatoa pasipoti, sweta, na gauni jeusi, nikavitia kwenye mkoba wa mkononi. Vingine vyote vilikuwa zawadi.

Mama mmoja wa Kiholanzi, mzee wa nywele nyeupe, alikuwa ameketi mbele yangu. Aliuliza ninafanya nini. Nikamweleza kwa Kijerumani changu. Akatoa karatasi, akaniandikia jina lake na anwani.

"Niachie mimi hilo sanduku," alisema. "Kimbia."

Hatujuani, Tata. Nilimwachia.

Treni ilisogea baada ya saa moja na robo. Tulipofika Utrecht, mahali pa kubadilisha, nilikuwa nimesimama mlangoni tayari. Treni ya uwanja wa ndege ilikuwa kwenye jukwaa la mbali na ilikuwa inaondoka baada ya dakika tatu. Nilipanda ngazi mbio, nikashuka nyingine mbio, nikaingia milango ikibana koti langu. Nina miaka thelathini na tisa na magoti yangu si ya kukimbia. Nilikimbia.

Nilifika uwanjani ikibaki dakika hamsini ndege iruke. Mbele yangu foleni ya ukaguzi ilikuwa imejikunja mara tano. Nilisimama mwisho kwa dakika moja, labda mbili. Halafu nikasema kwa sauti, kwa Kiingereza, kwa watu nisiowajua: "Baba yangu amekufa. Ndege yangu inaondoka. Naomba nipite."

Tangu Jumatatu sikuwa nimelitamka hilo neno. Kazini nilisema nina msiba. Kwa Baba mdogo nilisema "Tata alitaka," kama bado unataka. Nililitamka pale kwa mara ya kwanza, kati ya watu waliobeba mikanda na viatu mikononi. Mtu wa kwanza alisogea. Wa pili akasogea. Kijana mmoja aliinua kamba kabisa ili nipite chini. Nilipita nikilia na sikujifuta. Kwenye pasipoti hivyo hivyo. Nilipofika mlango wa ndege, msichana aliyekuwa anafunga alinitazama, akatazama orodha yake, akasema jina langu lote likiwa na makosa, na akanifungulia.

Ndege ilitua usiku, nikapanda gari hadi asubuhi, na Ijumaa saa tatu na dakika arobaini nilikuwa mlangoni pa mochari Kericho. Gari la kubeba maiti lilikuwa limewashwa, limefungwa utepe mwekundu. Baba mdogo alikuwa amevaa suti yake ya harusi. Mama Chebet alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na geti tangu asubuhi, peke yake katikati ya watu wa ukoo wetu, na hakuna aliyemsalimia.

Baba mdogo aliniona akanijia.

"Umefika," akasema.

"Nimefika, Baba mdogo."

"Msichana haamui mambo ya kaburi."

"Mimi sijaamua. Aliamua yeye. Mimi nimekuja kutia sahihi."

Alianza kunieleza juu ya ardhi ya mababu, na laana, na aibu ya kulala ugenini. Nilimsikiliza hadi akamaliza kwa sababu ni mkubwa wangu. Halafu niliingia ndani, karani akanipa kalamu. Niliporudi nikamwambia dereva, "Kiptere." Dereva alimtazama Baba mdogo, akanitazama mimi na ile karatasi. Akaingiza gia.

Tulikuzika Jumamosi kando ya Mama, pale ulipopima. Nusu ya ukoo walikuja, nusu walirudi Nyamira. Lile kaburi la huko lilikuwa limeshachimbwa, na wazee walisema haliwezi kuachwa wazi, kwa hiyo wakazika shina la mgomba. Baba mdogo alinitumia ujumbe kwamba kama kitu kibaya kitatokea kwa familia, ni juu yangu. Nilimjibu: sawa, kiwe juu yangu.

Jana alinipigia. Nilidhani anataka kunitukana tena. Nilisikia kuku wake nyuma.

"Kemunto," akasema, "mimi nilikuwa nimehesabu. Nilijua huwezi kufika. Ulifika namna gani?"

"Nilikimbia, Baba mdogo."

Akakata simu. Sijui alitaka kusema nini kingine. Sikumpigia.

Nakukosa, Tata. Nakukosa hasa saa hii ya jioni, ukungu ukipanda kutoka bondeni, saa uliyokuwa unavua buti hapa ngazini ukilalamika kuhusu mgongo. Nimelia vya kutosha kwa wiki mbili na nitalia tena kwenye ndege. Lakini kwa lile nililolifanya sijaomba msamaha na sitaomba. Wanasema wakati wa Krismasi nisikanyage Nyamira. Nitakanyaga. Ni kwetu pia. Wanasema shamba la mtu asiye na mtoto wa kiume linarudi kwa ndugu zake. Wiki hii nimekwenda kwa chifu wa hapa, na kwa wakili, na jina langu limeandikwa kama mrithi wa shamba.

Kesho narudi kazini. Chai itachumwa, nyumba itafagiliwa, na ufunguo nimempa Mama Chebet.

Lala kwako, Tata.

Mimi mtoto wako wa pekee,
Kemunto