Usijisugue Tena Mikono

Mwanangu,

Dawa ya ukurutu iko kwenye kisahani, karibu na chai yako. Oga kwa maji ya uvuguvugu, jikaushe taratibu kwa taulo laini, halafu upake kidogo tu palipo pekundu. Mafuta mazito yafuate. Brashi ya kufulia nimeificha, usiitafute.

Asubuhi nilipokukuta bafuni unajisugua mikono mpaka inatoka damu, nilipiga kelele kama mwendawazimu. Ukaniambia, "Mama, joto linaanza, wenzangu wote wanavaa mikono mifupi. Nataka ukurutu utoke." Nikakuuliza nani kakudanganya kwamba ukurutu ni uchafu. Ukanitazama, ukasema, "Si wewe unayeniambia nijifunike wageni wakija?"

Nikaanza kutafuta funguo, kumbe ninazo mkononi.

~~Nilikuwa nakukinga na maneno ya watu.~~ Si kweli. Mimi ndiye niliyeona haya, wewe ukabebeshwa.

Leo usiende shule. Nimempigia simu msimamizi wa kiwandani, kaniruhusu kutoka saa sita, twende wote kwa daktari wa ngozi. Vaa lile gauni lako lisilo na mikono, kama unataka. Atakayekodoa macho atanikuta mimi kwanza. Na ule, tafadhali, usikae na njaa kwa sababu yangu.

Sasa hivi nakusikia unalia chumbani. Nimesimama mlangoni pako mara mbili, na mara zote mbili nimeshindwa kugonga.

Mama