Wimbo wa Mwisho wa Mpagazi

Jumatatu, 4 Agosti

Vyerehani vitatu leo. Viwili vilikuwa vimekauka mafuta tu. Cha tatu ni cha fundi nguo mmoja wa Kanyenye, analalamika kinapiga kelele. Nikakanyaga, nikainamisha sikio. Sikusikia kelele yoyote. Akanitazama kama namzungusha. Nikamwita jirani wa kibanda cha pili, naye akausikia mara moja: mlio mwembamba, kama wa panya.

Miaka ishirini natengeneza vyerehani hapa Ng'ambo, na kazi yangu yote iko masikioni. Nimeogopa.

Mchana nikafungulia spika yangu ndogo. Muziki wa ile gemu ya zamani ya ndege za vita, hatua ya kwanza, ambao naujua kama njia ya nyumbani. Ile filimbi ya juu haipo. Chini kupo, juu hakuna kitu. Nikabadilisha spika. Haipo.

Jumatano, 6 Agosti

Kwa daktari wa masikio. Nuru, binti yangu, alikuja ili anisaidie kusikia. Daktari anasema ni mshipa wa sikio. Hauna tiba. Sauti nyembamba zinakwenda kwanza. La kulia karibu limekwisha, la kushoto linafuata. Miezi, labda mwaka. Kifaa cha masikioni kitanisaidia watu wakiongea nami.

Nikauliza kuhusu muziki. Akasema hautakuwa uleule. Alisema kwa upole. Ningependa angesema kwa ukali.

Zaituni, mke wangu, amelia jikoni akidhani sisikii. Kweli sikusikia. Niliona mabega yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Nayaandika maoni yangu ningali na masikio ya kuyashuhudia.

Wimbo wa gemu haupimwi mara ya kwanza. Unapimwa mara ya mia, umekufa palepale, umerudishwa mwanzo, una hasira. Ukiweza kuusikia tena bila kuuchukia, mtunzi alikuwa mtu.

Mashine zile za zamani zilikuwa na sauti tatu tu, na ya nne ya mchakacho, kama mchanga ndani ya debe. Mtunzi hakuwa na pa kujificha. Gemu anazocheza Nuru kwenye simu zina fidla mia. Nzuri sana. Zikizimwa sikumbuki kitu.

Muziki wa hatua za majini lazima uende polepole. Aliyeweka muziki wa mbio majini hajawahi kuoga mtoni. Wimbo wa kufa usizidi sekunde tatu. Mtu ameshaumia, mwacheni. Na gemu ya matofali yanayoanguka wengi wanausifia ule wimbo wake wa haraka. Mimi nautaka wa pili, wa taratibu, ule unaokufanya usahau kwamba unashindwa.

Lakini wa kwanza kwangu, juu ya zote, ni wimbo wa mwisho wa Mpagazi, gemu yetu ya utotoni. Sijawahi kuusikia kutoka kwenye mashine.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Sikufungua kibanda.

Acha niliandike hili vizuri. Mjomba wetu wa relini alituletea mashine ya gemu, mimi nina miaka kumi na miwili, dada yangu Tatu ana kumi na saba. Kaseti ya njano, haina jina. Mtu mdogo ana mzigo kichwani, anatembea. Msitu, mto, uwanda mweupe, pango. Babu wa babu yetu alibeba pembe za ndovu za watu kutoka Ujiji hadi pwani, akapita hapahapa. Tukamwita mtu yule Mpagazi. Mimi nilisema anakwenda Ujiji. Dada akasema hapana, anakwenda mkono wa kulia, basi anakwenda pwani. Alikuwa na akili za ramani.

Hatukuvuka daraja la hatua ya saba. Kila siku mbao zinaanguka, na yeye nazo.

Kisha nikapata malaria ya kichwani. Siku tatu sikumbuki kitu, isipokuwa Dada ameketi kitandani ananiambia ameshamaliza gemu, Mpagazi amefika. Na ananiimbia wimbo uliopigwa alipofika. Unaanza chini. Unapanda pole, kama mtu anayepanda mlima na ndoo ya maji bila kuimwaga. Halafu juu kule unakaa, hauna haraka ya kushuka.

Nilipona nao. Nimembembeleza Nuru kwa huo. Naupiga mluzi nikifunga mkanda wa cherehani. Mtandaoni nimeitafuta gemu ile miaka mingi, Nuru naye katafuta. Hakuna anayeijua.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeota uwanda mweupe. Natembea, miguu haigusi chini, kuna muziki lakini uko nyuma ya ukuta.

Mashine iko Bukene kwa Dada. Mjomba alimpa yeye alipoolewa, na mimi nilinuna kwa miaka, naandika hapa kwa sababu ni kweli. Leo nimempigia. Nuru akashika simu, akanirudishia maneno. Nilimwambia yote: masikio, daktari, nataka kuumaliza mchezo na kuusikia wimbo ule kutoka kwenye mashine kabla sijachelewa.

Nuru anasema shangazi yake aliuliza kwanza kama lazima tuumalize. Kisha akasema njoo.

Jumatatu, 11 Agosti

Basi la asubuhi hadi Nzega, kisha gari dogo hadi Bukene. Nilikaa dirishani, sikio zima upande wa kioo. Nchi yote ina rangi ya mkate. Vumbi, mashamba yaliyovunwa, miembe mikubwa inayojitokeza mmojammoja mbali, kama vile mtu alipita akaiangusha mbegu na kuendelea na safari. Nilisinzia na kuamka, nikawa sijui ni mwaka gani.

Dada amekonda. Ana duka la mchele sokoni na vidole vimeanza kuvimba viungo. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa mdomo mkubwa ili nisome midomo. Nimechukia. Kisha nikaona ananiogopea, nikaacha kuchukia.

Mashine iko kwenye boksi la biskuti, imefungwa kwa kanga. Aliitunza kuliko ningeitunza mimi.

Jumanne, 12 Agosti

Tumeiunganisha kwenye TV ya zamani ya chogo ya shemeji. Picha ikaja. Mtu mdogo, mzigo, msitu wa kijani.

Muziki wa msituni nausikia nusu. Wa pangoni karibu wote, umetungwa chini chini, nausifu leo kuliko zamani. Dada anacheza kama alivyocheza, ulimi nje kidogo. Tunapokezana pedi akifa mmoja.

Mara tatu tulifika darajani. Mara ya tatu nilikuwa katikati, Dada akasimama akazima. Eti TV imepata moto. Niliigusa, ilikuwa vuguvugu tu. Baadaye akasema umeme, baadaye akasema chakula. Nikamwuliza zamani alivukaje. Akasema amesahau.

Simwelewi. Mtu hasahau daraja lile.

Jumatano, 13 Agosti

Tumevuka.

Naandika nje. Baada ya adhuhuri nilifika darajani tena. Dada kaketi kando. Zamani tulifuata wimbo wa juu, tukaruka nao, tukaanguka. Leo wimbo wa juu siusikii. Nasikia ngoma nzito ya chini peke yake. Na kila ubao unaanguka kwenye ngoma ile. Hakuna ujanja mwingine. Nikapiga hatua kati ya mapigo, ubao hadi ubao, nikafika ng'ambo.

Hatua ya nane ni fupi. Mji, geti, ngazi. Mpagazi akapanda, akatua mzigo. Nilisogea mpaka sikio la kushoto likagusa spika ya TV.

Milio minne. Ti ti ti, ti. Maandishi ya nchi ya mbali. Kisha msitu wa kijani tena, anaanza upya na mzigo wake.

Nilidhani ni masikio yangu. Nikamwuliza Dada wimbo uko wapi, ameusikia? Hakunitazama.

"Hakuna wimbo, Rama," akasema, polepole ili nimpate. "Sijawahi kuimaliza gemu hii."

Nikamwambia aseme tena. Akasema tena.

"Ulikuwa unachemka. Mama ameenda kutafuta gari la kukupeleka hospitali. Ukawa unaniuliza, Mpagazi amefika? Nikaona nikikwambia hajafika, utakwenda wewe. Nikakwambia amefika. Ukasema niimbie."

Nilitoka nje. Nilitembea hadi relini, nikaketi kwenye jiwe. Hasira. Aibu pia. Miaka karibu thelathini nasifia kitu kisichokuwepo, nabishana na watu mtandaoni kuhusu mtunzi mkubwa asiyejulikana. Kila Idi nilimwambia Dada, mtu aliyetunga ule hana mfano. Yeye aliendelea kuninawisha mikono.

Ng'ombe walivuka reli. Jua likateremka kidogo. Sikutaka kurudi ndani.

Alhamisi, 14 Agosti

Sikula jana. Leo asubuhi nimeamka na wimbo kichwani, mzima, juu na chini, kila noti. Ule hauhitaji masikio. Nimelala nao macho wazi hadi jua likagusa mkeka.

Halafu ndipo nikafikiri jambo ambalo mtu mwenye akili angelifikiri jana. Wimbo haukutoka kwenye mashine. Basi ulitoka wapi?

Dada alikuwa uani anapepeta mchele. Nikakaa chini mbele yake ili nimwone midomo. Nikamwuliza aliusikia wapi. Akasema popote, hajui, alifungua mdomo tu. Mdogo wake anakufa mbele yake, alikuwa na wakati wa kuchagua?

"Basi mtunzi ni wewe," nikamwambia.

Akasema zile zilikuwa kelele za kumlaza mgonjwa.

Nikampa maoni yangu, yote, kama nilivyoyaandika hapa. Nyimbo mia ngapi nimezisikia za mashine zote tangu utoto. Kipimo changu cha mara ya mia. Nikamwambia wa kwake nimeupima mara elfu na bado ni wa kwanza, na niliuweka wa kwanza kabla sijajua ni wake, kwa hiyo asiseme ni undugu. Nilipandisha sauti. Siku hizi sijui kipimo cha sauti yangu.

Aliendelea kupepeta. Akapepeta na ule uliokwisha pepetwa. Kisha akaweka ungo chini, akajifuta uso kwa upande wa kanga, akasema aliogopa siku zote kwamba nitajua na nitamwona mwongo. Akasema alipenda kunisikia nikiusifu. Ndicho kitu pekee chake kilichowahi kusifiwa, na hakuweza kuitikia.

Nilimwuliza kama ametunga nyingine. Akacheka. Aliolewa, akazaa sita, akauza mchele. Saa ngapi?

Tukabaki tumekaa pale. Kuku wakala mchele wetu wote uliomwagika, hakuna aliyewafukuza.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimerudi. Dada alitaka nichukue mashine. Nimekataa. Nimemwambia abaki nayo, mimi nitakuja.

Nimemsimulia Zaituni. Alisikiliza hadi mwisho, akasema yeye siku zote aliona ule wimbo haufanani na ti-ti-ti zangu nyingine. Miaka kumi na minane ya ndoa. Angesema.

Jumanne, 26 Agosti

Kifaa cha masikioni. Sauti za watu zinakuja kama kutoka ndani ya chupa, lakini zinakuja. Muziki ni mbaya. Wa ndege za vita umekuwa bati linalokwaruzwa. Nimeuzima. Nimesikitika, nikala, nikalala mchana.

Kazini naweka vidole juu ya mwili wa cherehani na kumwambia mteja akanyage. Kinachogonga nakihisi. Kinachopiga mlio mwembamba bado kinanipita. Wateja wawili wamehamia kwa fundi mwingine. Mmoja amerudi.

Jumapili, 21 Septemba

Joto limeanza. Hakuna wingu.

Nuru alikuja uani na simu. Shangazi yake ametuma ujumbe wa sauti, hauna salamu wala neno. Nikavua kifaa, nikaweka simu kwenye sikio la kushoto.

Dada anaimba bila maneno. Siujui. Ni mpya. Nyuma yake kuna jogoo, au mtoto. Unaanza vizuri, unanyooka kama njia ya tambarare, halafu unapanda na mimi nabaki. Sekunde kadhaa hakuna kitu. Kisha unarudi chini, nami naupokea ukiwa umeshakwenda mahali nisipopajua.

Nikauweka tena. Tena. Palepale unaniacha.

Nuru alikuwa ananitazama. Akachukua simu, akasikiliza mara mbili, macho chini. Kisha akakaa karibu na bega langu akaurudia kwa sauti nzito, nzito kuliko sauti yake, kwa taabu, kama mtu anayeongea ndani ya kisima. Nikaupata wote.

Ni mzuri. Kule juu haukai, unageuka kidogo na kutazama nyuma.

Nimemwambia Nuru amjibu shangazi yake kwamba nimeusikia. Na kwamba unaofuata auanzie chini zaidi.

Tukakaa uani hadi kivuli cha ukuta kikatufikia miguuni. Simu ikawaka. Dada ameandika: sawa.