Namba Saba kwenye Orodha

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kiti namba mbili cha chumba cha kusafisha damu. Sijambo, kwa kiasi cha mtu aliyefungwa kwenye mashine kwa muda wa saa nne. Mkono wa kushoto una mirija, wa kulia ndio huu unaokuandikia. Sote watano wa chumba hiki tulikipigia kura chama chako, hata dereva mstaafu asiyekubaliana na mtu. Redio inasema mmepata viti sita. Sasa wewe umo au humo? Bunge la mkoa ndilo litakaloamua kama chumba hiki kibaki au kifungwe, na fundi viatu kama mimi hana pengine pa kwenda.

Kaka yako

15 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumaini umepata nguvu kidogo. Mimi mzima, ila simo. Watu hawakupigia kura jina, walipigia kura orodha. Kila chama kilipanga majina yake, kisha viti arobaini na kimoja vikagawanywa kwa wingi wa kura, na chama huhesabu wake kutoka juu kwenda chini. Tumepata sita, mimi ni wa saba. Nitaingia tu mmoja wao akijiuzulu au akifa. Wa sita ni mzee muuza mbao mwenye moyo mbovu. Alinikaribisha chai, akacheka kwamba namtazama kama fundi wa majeneza anayepima urefu. Nimerudi darasani kufundisha hesabu.

Mdogo wako

19 Aprili

Mdogo wangu,

U hali gani? Wanafunzi hawajambo? Na Bwana Sita je, anaendeleaje? Hapa ndilo swali la kwanza kila tukifungwa mirija, kabla hata ya kujuliana hali wenyewe. Dereva amemnunia kwa sababu bado anapumua. Tulicheka mpaka muuguzi akatukemea. Nilipofika nyumbani nikaona aibu, wagonjwa watano kumwombea mgonjwa wa sita afe. Hata hivyo, akikohoa niandikie. Wanasema kufungwa kwa chumba kumo kwenye bajeti ya Agosti.

Kaka yako

12 Juni

Kaka,

Shikamoo. Bwana Sita alifariki Jumapili. Nilikwenda mazishini, mjane wake akanishika mikono akanipongeza. Sikujua uso niuweke wapi. Jana nimeapishwa. Niliomba kamati ya afya, lakini nafasi za kamati hugawanywa kwa ukubwa wa vyama. Sisi tuna moja tu huko, na namba moja wetu ameikalia. Nimerithi kamati ya marehemu, ya kanuni za vikao, ambako tumebishana asubuhi nzima kuhusu kengele. Lakini kura ninayo. Waambie wenzako chumbani kwamba ninayo.

Mdogo wako

3 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Umeandika mara tatu, sikujibu. Redio imeshakuambia kwamba bajeti ilipita, ishirini na moja kwa ishirini, na hesabu umeshapiga. Ndiyo, nilinyoosha mkono.

Chama chetu kiliungana na wenye viti vingi ili kipate unaibu spika. Bajeti hupigiwa kura yote kwa pamoja, huwezi kuchomoa mstari mmoja. Na kabla ya kugombea sote tulitia saini barua ya kujiuzulu isiyo na tarehe. Iko kwenye droo ya kiongozi wetu. Asubuhi ile aliniambia, "Ukikataa, kesho namba nane atakaa hapo na tutapiga kura upya." Huyo namba nane tayari hunipigia simu kuniulizia afya. Nilijidanganya kwamba nikibaki ndani nitakusaidia baadaye. Niliogopa, kaka. Niliogopa kupoteza kiti.

Mdogo wako

6 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu. Leo sitasema sijambo. Walizing'oa mashine Jumanne, zikabaki alama nne za miguu yake sakafuni kila moja iliposimama. Hospitali ya huko kwenu imejaa. Nimewekwa kwenye orodha ya kungoja, na watu wawili wako mbele yangu. Dereva alikuwa nyuma yangu, tumemzika jana. Miguu yangu imevimba, hakuna kiatu dukani kwangu kinachoingia. Daktari anasema wiki mbili, labda chini ya hapo.

Nilikukasirikia sana. Nilikuandikia barua mbili za matusi, nikazichana. Sasa hasira imekwisha, nimebaki na hofu. Usiniletee maelezo. Njoo tu tukae. Ukiweza, njoo barua hii ikikufikia.

Kaka yako

8 Oktoba

Kaka yangu,

Shikamoo, na usijisumbue kuitikia. Kondakta wa basi la huko kwenu amenipa barua yako mchana huu, nimeisoma nikiwa nimesimama kituoni. Nilitaka kupanda basi hilohilo.

Nimewasilisha hoja ya kurudisha mashine. Nina saini tisa, na kura zinazotakiwa ni ishirini na moja. Kiongozi wetu ameshaitoa barua yangu kwenye droo, ila bado hajaitia tarehe. Hoja itasomwa Jumatano, na kanuni inasema mwenye hoja asipokuwepo ukumbini, hoja imekufa. Najua itaanguka hata nikiwepo. Lakini safari hii nataka usikie redioni kwamba nilisimama upande wako.

Nitapanda basi la Alhamisi alfajiri. Nisubiri, kaka.

Mdogo wako